Figo za Mzee Ambilikile

Mvua ya kijiji cha Masoko haina haraka. Huanza alfajiri, hupumzika kidogo saa nne, kisha huendelea na kazi yake mpaka jioni. Veronika alikuwa ameizoea. Asubuhi hiyo alikaa mlangoni mwa jiko lake akimenya ndizi mbichi. Mwanawe Asajile, wa miezi mitano, alikuwa amelala mgongoni.

Kikohozi kikasikika kutoka nyumba ya juu. Hakikuwa kikohozi cha ugonjwa, bali cha adabu. Veronika aliweka kisu chini, akainuka, akaenda nyuma ya jiko na kugeuzia uso migomba. Matone ya mvua yalimdondokea shingoni. Baba mkwe wake, Mzee Ambilikile, akapita taratibu akielekea chooni. Aliporudi alikohoa tena, akapita, na Veronika akarejea kwenye ndizi zake.

Hiyo ilikuwa desturi ya Wanyakyusa, nayo huitwa kutila. Mke wa mtoto humwogopa baba mkwe kwa heshima. Hamtazami usoni, haingii nyumbani mwake, wala halitamki jina lake. Mwaka huo, wakati wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kufika Masoko na magari yao, familia nyingi za Kikristo zilikuwa zimekwisha kuilegeza desturi hiyo. Familia ya Mzee Ambilikile ilikuwa bado imeishika, ingawa yeye mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Hapakuwa na chuki ndani yake. Mzee alipochuma parachichi, lililo bora aliliweka juu ya jiwe karibu na jiko la mkwewe. Veronika naye alimchemshia maji ya kuoga kila asubuhi, asichelewe hata siku moja. Walipendana hivyo kwa miaka minne bila kusemezana neno.

Maneno yao yalipita kwa Jenifer. Jenifer alikuwa binti wa mzee, mjane aliyerudi kwao, na mcheshi kupita kiasi. Yeye ndiye aliyempelekea baba yake maji, chakula na habari.

“Mmenifanya posta,” alimwambia wifi yake. “Siku nikigoma, nyumba hii itakuwa bubu.”

Veronika alicheka. Mumewe Lugano alikuwa safarini. Alikuwa akipeleka ndizi Dar es Salaam kwa lori, na safari moja iliweza kula wiki mbili. Bila Jenifer, kweli nyumba ingekuwa bubu.

Mzee Ambilikile alikuwa na ugonjwa wa kisukari. Aliugundua miaka sita iliyopita. Kila mwezi alikwenda hospitali ya Tukuyu kuchukua vidonge vyake. Chai aliinywa bila sukari, na pombe aliiacha. Lakini sukari ilipopanda, alipata kiu na kwenda chooni mara nyingi. Kuna siku Veronika alihesabu vikohozi ishirini.

Kisha vikohozi vikapungua. Vikawa kumi. Baadaye vikawa vinne tu kwa siku nzima. Veronika alifurahi, akamwuliza Jenifer kama vidonge vimemkubali mzee.

Jenifer alieleza kwamba sivyo. Baba yake alikuwa amepunguza kunywa maji kwa makusudi, na mkojo aliubana mpaka aliposhindwa. Alimwambia Jenifer kwamba anamwonea huruma mkwewe. Mtoto wa watu ana kichanga mgongoni, alisema, na kila nikipita anaacha kazi yake na kwenda kusimama mvuani. Basi heri nipite mara chache.

Macho ya Veronika yalilowa aliposikia hayo. Siku hiyo alipika mbalaga ya ndizi na maharage, akampakulia mzee sahani iliyojaa. Jenifer aliipeleka, akarudi na shukrani. Wote watatu walidhani kwamba mzee ametenda jambo jema. Hakuna aliyejua kwamba ameufungulia ugonjwa mlango.

Wiki iliyofuata Jenifer aliitwa Kisondela. Mdogo wake alikuwa amejifungua, akahitaji mtu wa kumsaidia. Kabla ya kuondoka aliweka utaratibu. Veronika angeacha chakula kizingitini, angebisha mara mbili, kisha angeondoka. Mzee angefungua na kuchukua. Akimaliza, angerudisha vyombo pale pale.

Siku ya kwanza sahani ilirudi nusu. Siku ya pili ilirudi karibu kama ilivyokwenda, na jagi la maji lilikuwa limejaa. Mchana Veronika aliona shuka imeanikwa nyuma ya nyumba ya juu. Mzee alikuwa ameifua mwenyewe. Mwanamume wa umri wake kufua shuka lilikuwa jambo la ajabu. Mvua ilipokaribia, Veronika alikwenda kuianua. Shuka ilikuwa bado inanuka mkojo, tena harufu kali iliyooza, na katikati ilikuwa na doa lenye wekundu wa mbali.

Alisimama pale akiwa ameishika. Jambo la mkojo wa baba mkwe halisemwi hata gizani. Aliikunja shuka, akaiweka kizingitini, akabisha mara mbili, akaondoka.

Siku ya tatu sahani haikuguswa kabisa. Kando yake palikuwa na kipande cha gazeti kilichosokotwa, kama kilichomdondoka mzee. Ndani yake mlikuwa na kapsuli mbili za rangi mbili. Veronika alizitambua. Duka moja la dawa lilikuwa limefunguliwa karibu na gulio, na mwenye duka aliuza kapsuli hizo mbilimbili kama peremende, bila kumwuliza mtu anaumwa nini. Mzee alikuwa amenunua nne, akameza mbili, na mbili akaziweka akiba.

Alipoinama kuchukua sahani alisikia sauti ndani. Kitanda kilikuwa kinatikisika. Meno ya mzee yaligongana kwa baridi, ingawa hapakuwa na baridi ya kumtetemesha mtu aliyejifunika. Kisha akamsikia akitapika.

Veronika alishika mwimo wa mlango. Mguu mmoja ulitaka kuingia. Mwingine ulikataa. Mwishowe aligeuka, akamkaza Asajile mgongoni, akashuka mbio mpaka zahanati.

Muuguzi wa zahanati alikuwa Bi Saada, jirani yao. Babu zake walitoka pwani, lakini yeye alizaliwa Tukuyu na Kinyakyusa alikijua vizuri. Mumewe Bushiri alikuwa mfanyabiashara mwenye gari dogo aina ya pikapu. Bi Saada alimsikiliza Veronika, kisha akamwuliza maswali. Homa ilianza lini? Anakula? Anatapika? Analalamika mgongo? Anakojoa vipi?

Swali la mwisho Veronika alilijibu akitazama sakafu. Alisema hayo hawezi kuyajua.

“Mama Asajile,” alisema Bi Saada, “mgonjwa wa kisukari akipata homa na kutetemeka, mimi sisubiri zamu iishe. Twende.”

Alimwachia kazi mwenzake, akachukua mkoba wake. Walipofika Bi Saada aliingia, na Veronika akabaki nje ya mlango. Alimsikia muuguzi akisalimu kwa heshima na kumpima mzee homa. Alimsikia akiuliza kama mkojo unauma.

Mzee alijibu kwamba ni malaria tu. Aliyajua malaria tangu utoto. Tena amekwisha kumeza dawa. Mgongo ulimwuma kwa sababu ya kupogoa mibuni. Bi Saada alirudia swali la mkojo kwa upole. Mzee akasema hakuna tatizo lolote, naye alijua kabisa ni nani aliyesimama nje ya mlango.

Veronika alielewa kwamba uongo huo mdogo, uliosemwa kwa ajili yake, unaweza kumwua mzee. Akasema kutoka pale nje:

“Baba, si malaria. Shuka nimeiona.”

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa baba mkwe. Alikuwa amekwisha kulisema, na halikurudi. Basi akavuka kizingiti.

Mzee Ambilikile alijivutia blanketi usoni. Alionekana mdogo kuliko Veronika alivyomdhania kwa miaka yote ile ya kutomtazama. Mabega yake yalitetemeka. Sauti yake ilitoka chini ya blanketi, nayo ilikuwa ya mtu aliyechoka.

“Mwambie, mwanangu. Mimi nimeshindwa.”

Veronika akaeleza yote. Alieleza harufu, doa, maji yasiyonywewa na kapsuli mbili za akiba. Alieleza pia sababu ya mzee kubana mkojo.

Bi Saada alimgeuza mgonjwa ubavu. Alimgonga polepole kwa ngumi mgongoni, chini ya mbavu za mwisho, upande wa kulia. Mzee hakushtuka. Alipogusa upande wa kushoto, mzee aliguta.

“Hapa ndipo figo ilipo,” alisema Bi Saada. “Figo ndizo zinazochuja damu na kutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija mpaka kibofuni. Mwenye kisukari huweza kuwa na sukari ndani ya mkojo, na sukari hiyo ni chakula cha vijidudu. Mkojo ukibanwa muda mrefu, vijidudu hupata nafasi ya kuzaliana. Kisha hupanda kwa mirija ile ile mpaka kwenye figo.”

Mzee aliuliza mbona watu wengine hubana mkojo wasiugue. Lilikuwa swali zuri, hata katika homa. Bi Saada alimjibu kwamba mwili wenye sukari nyingi hupigana na vijidudu kwa nguvu ndogo. Zaidi ya hayo, kisukari cha miaka mingi huweza kudhoofisha mishipa ya fahamu ya kibofu. Mtu hudhani amemaliza kukojoa, kumbe mkojo mwingine umebaki ndani.

“Na vidonge vyako vya sukari, baba?”

Mzee alikiri kwamba hakuvimeza kwa siku tatu. Aliona kwamba yeye hali chakula, basi sukari itatoka wapi? Bi Saada hakumkaripia. Alitazama saa yake tu, akamwambia Veronika amkimbilie Bushiri.

Pikapu ilikuwa imepakia mikungu ya ndizi. Bushiri aliishusha yote barabarani bila kuuliza. Walimtandikia mzee godoro nyuma na turubai juu. Bi Saada alikaa upande mmoja, Veronika upande wa pili na mtoto wake. Barabara ya kwenda Tukuyu ilikuwa na utelezi na mashimo. Kila gari liliporuka, mzee aliuma meno, na Veronika alimshika mkono. Hakujua amemshika tangu lini. Alipotambua, hakuuachia.

Hospitalini Bi Saada aliingia moja kwa moja na mgonjwa. Veronika alibaki dirishani kuandikisha. Karani alifungua daftari, akauliza jina la mgonjwa.

Veronika alitazama nyuma. Bushiri alikuwa bado anageuza gari. Karani alisubiri kidogo, kisha akamwuliza kama mgonjwa huyo hamjui.

“Namjua,” alisema Veronika. “Ni Ambilikile Mwakilembe. Ni baba yangu.”

Walimpima mkojo, wakaona usaha na damu. Walimpima sukari, ikawa juu mno. Daktari aliagiza atundikiwe maji ya mshipa, apewe sindano za kuua vijidudu na sindano za insulini za kushusha sukari. Kisha alimwita Veronika pembeni. Hakumficha kitu.

Alisema kwamba maambukizi ya figo humpata mtu yeyote, lakini kwa mwenye kisukari huweza kuwa makali na kwenda haraka. Vijidudu huweza kuingia kwenye damu, na mtu akafa kwa siku chache. Huweza kutengeneza usaha ndani ya figo au kuizunguka. Figo huweza kushindwa kazi kabisa. Zile kapsuli mbili za dukani, alisema, ziliwaudhi vijidudu tu bila kuwaua. Kuhusu vidonge vya sukari alieleza kwamba homa hupandisha sukari hata kwa mtu asiyekula. Mgonjwa asiviache kwa shauri lake mwenyewe. Wala asivimeze tu na kukaa nyumbani na njaa, kwa maana sukari nayo huweza kushuka mno. Aende hospitali siku hiyo hiyo, apimwe, aambiwe kiasi.

“Je, atapona?” aliuliza Veronika.

Daktari alijibu kwamba homa ndiyo itakayosema. Ikishuka ndani ya siku tatu, ni vema. Isiposhuka, kuna usaha mahali, nao lazima utolewe.

Veronika alikaa naye, Asajile mgongoni. Alimlisha mzee uji kwa kijiko. Alimhesabia maji aliyokunywa. Mzee alipohitaji chombo cha kukojolea alimwita mhudumu wa kiume, lakini mhudumu huyo alikuwa mmoja kwa wodi nzima. Siku ya pili mhudumu alichelewa, na mzee alikuwa amekwisha kuanza kubana. Veronika aliona uso wake ukikunjamana. Aliweka chombo mkononi mwake, akageuka kutazama dirishani.

“Usibane, baba. Mimi natazama mvua.”

Mzee hakubana.

Siku ya tatu homa ilikuwa pale pale. Siku ya nne walimpeleka Mbeya kwa gari la wagonjwa. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha mfuko wa usaha kando ya figo ya kushoto. Madaktari waliingiza sindano ndefu, kisha mpira mwembamba, na usaha ukatiririkia kwenye chupa siku baada ya siku, chupa ambayo Veronika aliichunga. Lugano alizipata habari njiani, akashukia Mbeya na lori lake tupu. Alipoingia wodini alimkuta mkewe akimnywesha baba yake maji. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekosea nyumba.

Mzee alimwona. Homa ilikuwa imemwacha asubuhi hiyo.

“Ingia,” alisema. “Huyu ni mke wako. Umemsahau?”

Baada ya wiki tatu walirudi Masoko. Figo zote mbili zilikuwa zinafanya kazi, ingawa ya kushoto ilibaki na kovu. Dawa za vijidudu alizimeza mpaka kidonge cha mwisho, hata baada ya kujisikia mzima, kwa kuwa Veronika alizitunza yeye na kumpa kwa saa. Jenifer alipoona hayo alilalamika kwamba amefukuzwa kazi ya posta bila malipo ya uzeeni.

Lugano alitaka kuchimba choo kingine upande wa juu, ili baba yake asipite jikoni. Alikuwa amekwisha hata kununua sepetu. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwita Veronika aje akae nao sebuleni. Akaja, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

Mzee alisema kwamba choo kimoja kinatosha. Alisema heshima ya mkwewe ameiona kwa macho yake, nayo haikuwa nyuma ya jiko. Ilikuwa kwenye uji na kwenye ile chupa ya usaha. Tangu siku hiyo Veronika asiinuke tena kwenda mvuani. Mzee apitapo, wasalimiane kama mtu na binti yake. Kisha, kama ishara ya kumfungulia mwiko huo, akampa ng'ombe jike mchanga mbele ya mashahidi wawili wa ukoo, ili mtu yeyote asije akasema mwanamke huyo hakufundishwa adabu.

“Ndaga fijo, tata,” alisema Veronika. Yaani, asante sana, baba. Alisema hivyo akimtazama.

Miezi ilipita. Mzee alikunywa maji ya kutosha na kwenda chooni mara tu alipohitaji, bila kuharakisha kumaliza. Kliniki ya kisukari Tukuyu hakuikosa, na kila mara walimpima sukari na mkojo. Sukari yake ilitulia, hata kiu ya zamani ikapungua.

Jumapili moja rafiki yake Lukasi alikuja kumtembelea baada ya ibada. Yeye pia alikuwa na kisukari. Alikaa upande upande kwenye kiti. Alisema ana homa kidogo tangu Ijumaa, na mgongo unamwuma kwa sababu ya kubeba magunia ya kahawa. Veronika alikuwa akiwawekea chai isiyo na sukari.

“Mkojo unauma?” aliuliza Mzee Ambilikile.

Lukasi alimtazama Veronika, kisha akatazama kikombe chake. Alisema kwamba hayo watayazungumza baadaye, wakiwa wanaume peke yao.

“Mimi nilisubiri baadaye hiyo,” alisema mzee, “nikatolewa usaha kwa mpira. Jibu sasa. Huyu binti yangu anaelewa kuliko sisi.”

Lukasi alizungusha kikombe mkononi. Veronika hakuondoka. Aliweka birika chini, akavuta kigoda, akakaa akimsubiri.

“Unauma,” alisema Lukasi. “Unauma tangu Jumatano.”

Chai ilibaki mezani. Veronika alikwenda kumwita Bi Saada, na mzee alimtafutia rafiki yake koti la mvua. Alasiri hiyo Lukasi alikuwa Tukuyu, amepimwa, amepewa dawa mapema, kabla figo hazijaharibika. Alilala hospitalini siku nne tu, akarudi kwa miguu yake kuvuna kahawa.